Ajali hii ina kinga

MJI NA WATU WAKE
Na Hamisi Wasswa

Jengo linalojengwa Kampala lina umeme wa aina mbili. Wa kwanza umo kwenye ramani: umechorwa na mhandisi, utafungwa na fundi mwenye kibali na utapimwa kabla wenye nyumba hawajahamia. Wa pili haumo kwenye ramani yoyote. Ndio unaoendesha mashine ya kukatia nondo, vibreta ya zege, grainda na taa ya askari usiku, miezi na miezi, mpaka jengo likamilike, nao ung'olewe. Kibarua hukutana na huu wa pili kila siku akiwa amelowa, na huu ndio tusioukagua.

Ingia saiti ndogo za Kyanja au Bukoto uufuate waya. Mara nyingi huanzia kwenye mita ya Yaka, ile ya kulipia kabla, iliyo katika kibanda cha askari, au kwa jirani. Ni waya mwembamba wa nyuzi mbili, hauna ethi. Umeninginizwa kwenye miti ya mikaratusi ya jukwaa, umeshuka kwenye tope toroli zinakopita, na palipokatika umesokotwa na kuzungushiwa kipande cha kaveera, mfuko wa plastiki. Mwisho wake hauna plagi: ncha mbili za shaba zimechomekwa kwenye soketi na kubanwa kwa njiti za kiberiti. Na upande wa pili wa waya huo amesimama kijana ndani ya zege bichi, vibreta mkononi.

Ukiuliza utaambiwa breka ipo. Ipo, lakini breka ya ampea 20 imewekwa kuulinda waya usiungue, haimlindi mtu. Ukinzani wa mwili uliolowa unaweza kushuka hadi omu 1,000 hivi, na kwa umeme wetu wa volti 240 hapo itapita karibu robo ya ampea. Kiasi hicho kinatosha kuvuruga mapigo ya moyo na kuua. Kwa breka ile si kitu. Haitakata, na mashine itaendelea kunguruma wakati kijana yuko chini. Swichi ambayo mafundi huiita RCD ndiyo inayomlinda mtu. Hulinganisha mkondo unaokwenda na unaorudi, na miliampea 30 tu zikipotea njiani hukata umeme kabla sekunde moja haijaisha. Madukani ipo, na bei yake ni ndogo mno mbele ya gharama ya kumwaga slabu moja.

Waingereza, ambao kwao tulirithi plagi ya miguu mitatu, walikwenda mbali zaidi. Katika saiti zao ni kawaida kukuta transfoma ya manjano inayoshusha umeme hadi volti 110, na kwa kuwa katikati ya koili yake pameunganishwa na ethi, anayegusa waya mmoja akiwa amesimama ardhini hukutana na volti 55 tu. Plagi tuliichukua, transfoma tukaiacha.

Sheria tunazo. Sheria ya Umeme ya 1999 inataka kazi ya kufunga umeme ifanywe na mwenye kibali cha Mamlaka ya Kudhibiti Umeme, ERA. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2006 inamtwisha mwajiri wajibu wa kumlinda mfanyakazi. Sheria ya Udhibiti wa Majengo ya 2013 inasimamia vibali vya ujenzi. Tatizo ni kwamba kila mmoja anaishia mpakani mwake. Mkaguzi wa jengo anatazama nondo na nguzo. UEDCL, kampuni ya serikali ya kusambaza umeme iliyopokea mtandao kutoka kampuni ya Umeme tarehe 1 Aprili 2025, kazi yake inakoma kwenye mita. Wakaguzi wa usalama kazini ni wachache kuliko saiti za mji huu. Waya wa saiti umebaki katikati, hauna mwenyewe.

Mwenyewe wa kwanza awe mwenye jengo. Umeme wa muda uandikwe kwenye BOQ, orodha ya kazi na gharama za ujenzi, kama saruji na kokoto zinavyoandikwa, maana mkandarasi asiyelipwa kwa kazi hiyo ataifanya kwa mabaki aliyo nayo. Wapo watakaosema gharama itawashinda wajenzi wadogo. Lakini sanduku la swichi lisiloingia maji, lenye RCD na soketi nzima, halizikwi na jengo. Linahamia saiti inayofuata, na nyingine baada ya hiyo. Kila asubuhi msimamizi abonyeze kitufe cha kuijaribu RCD kabla mashine haijawashwa, na kila wiki apitie kebo yote kwa macho na mikono, umeme ukiwa umezimwa. Mvua za Machi hadi Mei na za Septemba hadi Novemba zikinyesha, ukaguzi huo urudiwe.

Kibarua akifa kwa shoti, msibani husemwa kwamba ajali haina kinga. Maneno hayo yanawafariji wafiwa, lakini mkandarasi asiruhusiwe kujificha nyuma yake.

Na hatuhitaji kusubiri sheria mpya. Mamlaka ya Jiji la Kampala, KCCA, iwaagize wakaguzi wake, wanapofika kutazama nondo kabla ya slabu kumwagwa, waombe pia karatasi moja: imesainiwa na fundi mwenye kibali, ina namba ya kibali chake, inaonyesha kwamba ethi na RCD za saiti zimepimwa. Asiye nayo asimwage zege siku hiyo.