Tusiidharau Chokaa ya Wahenga

Neno saruji, ambalo leo twalitumia kwa maana ya simiti ya kiwandani, lina asili ya Kiajemi. Uajemi na Omani liliitaja lipu ya jadi ya chokaa au udongo uliochomwa. Simiti ya Portland ilipata hataza Uingereza mwaka 1824 tu. Kitu kimebadilika, jina likabaki. Nasi tumesahau kwamba ni vitu viwili mbalimbali.

Katika miji ya pwani kama Lamu na Unguja, waashi walichoma matumbawe. Moto hufukuza hewa ya kaboni. Mawe yakizimwa kwa maji hulainika yakawa chokaa. Ikishapakwa ukutani, chokaa huivuta tena hewa ile na kurudia kuwa jiwe. Ukuta wa namna hiyo huupitisha unyevu, ilhali simiti huufungia ndani pamoja na chumvi. Ndiyo sababu wataalamu wa Korea na kwingineko huipima kwanza maabarani chokaa ya jengo kongwe, ndipo walikarabati.

Beit al-Ajaib ya Unguja, iliyojengwa mwaka 1883, iliporomoka kwa sehemu tarehe 25 Desemba 2020 ikiwa katika ukarabati, watu wawili wakafa. Sidai kwamba simiti ndiyo iliyoiangusha. Nasema tu kwamba jengo la kale halitaki kukisiwa.

Msomaji wa Kitale au Bungoma ataniuliza: sisi tusio na bahari, hayo yatuhusuni? Yatuhusu sana. Njiani kutoka Kitale hadi Webuye utaziona nyumba za udongo zilizopakwa simiti ili zipendeze. Masika yakija, udongo hulowa na kufura, simiti isifuate. Lipu hupasuka na kubanduka mapande mapande. Aliyeuza mahindi yake anunue mifuko ile amepata hasara maradufu.

Hatuna budi, basi, kuyafundisha maarifa ya udongo na chokaa katika vyuo vyetu vya ufundi. Aidha, istilahi za ujenzi za Lubukusu ziandikwe wangali hai wazee wazijuao, kwani neno likifa, ujuzi wake nao hufifia.

Wahenga walinena kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini hata anayeuziba, akiuziba kwa kisichoupatana ukuta, ataujenga vilevile.