FUNDI NYUMBANI: Alama Zinazoachwa na Randa ya Umeme

Jioni moja hivi karibuni fundi seremala wa mtaani petu alinijia nyumbani, uso umemkunjamana, ubao wa mvule umo kwapani. Alikuwa amepewa kazi ya kutengeneza madawati 30 ya shule ya msingi, na kamati ya wazazi ilikuwa imekataa kuyapokea yale 11 ya kwanza kwa sababu nyuso zake zilikuwa na mikwaruzo na mabonde. Kamati ilikuwa na haki, kwani mtoto hawezi kuandika juu ya dawati linalotoboa karatasi. Lakini fundi naye alikuwa amekopa fedha za kununulia mashine ndogo ya kuranda, ile ya kuwekwa juu ya meza, na siku ya kulipa deni ilikuwa imekaribia.

“Mwalimu,” aliniambia (watu wa mtaani hawajaacha kuniita hivyo, ingawa siku hizi kazi yangu ni ya ofisini), “mashine niliyouziwa ni mbovu.”

Kesho yake nilikwenda karakanani kwake. Mashine haikuwa mbovu hata kidogo. Yalikuwapo makosa manne mbalimbali yaliyochanganyikana, naye alikuwa akiyatibu yote kwa dawa moja, yaani kuupitisha ubao tena na tena. Ndugu msomaji, hilo ndilo kosa la tano, nalo ni baya kuliko yote, maana kila mpito huula unene wa ubao.

Tuanze na mabonde ya nchani. Ubao ukitoka una kibonde kidogo katika sentimita 5 au 8 za mwanzo au za mwisho, usilaumu visu. Ndani ya mashine zimo rola mbili, moja kabla ya visu na nyingine baada yake. Ubao unapoingia hushikwa na rola ya kwanza peke yake. Ukiwa mrefu, mkia wake huinama kwa uzito, na kichwa huinuka kikalishwa visu zaidi ya kipimo. Unapotoka mambo hugeuka, ukavamiwa mkiani. Kwa hiyo meza za pembeni zisiwe zimelegea wala kuinama. Afadhali ncha zake za nje ziwe juu kidogo tu kuliko meza ya katikati. Ikiwa mashine ina kufuli ya kichwa, ifungwe. Mbao za unene mmoja zifuatane, kichwa cha moja kikigusa mkia wa nyingine, ili rola zote mbili zipate cha kushika muda wote. Na fundi mwenye busara huacha sentimita 10 za ziada kila upande, akazikata mwishoni.

Kosa la pili ni nyuzi kung’oka, ukaona vishimo kama vilivyodonolewa na kuku. Hapa tatizo ni ulalo wa nyuzi. Utazame ubao ubavuni: mistari ya nyuzi ipande kuelekea mkiani, yaani upande unaobaki mkononi mwako unapoulisha mashine. Ikipanda kuelekea kichwani, visu vitaingia chini yake na kuzinyanyua, geuza ubao. Lakini mvule una tabia yake. Nyuzi zake hupishana, ukanda huu ukilala huku na wa jirani kule, kwa hiyo hakuna upande ulio sawa kabisa. Ubao wa namna hiyo unadai visu vikali na mpito mwembamba, nusu milimita au pungufu. Baadhi ya mafundi huufuta kwanza kwa kitambaa chenye unyevu mdogo ili nyuzi zilainike. Alama zitakazobaki ni kazi ya msasa.

Tatu, mstari mwembamba ulioinuka kutoka kichwa hadi mkia. Huo ni pengo katika kisu, na mara nyingi mzazi wake ni msumari au kokoto. Fundi wetu alikuwa amenunua mbao kuukuu zilizobomolewa kwenye banda, bei nafuu, na hakuzikagua. Chomoa waya wa umeme kwanza (nasema kwanza, kwa kuwa vidole havinunuliwi dukani), kisha, kama mashine yako inaruhusu, sogeza kisu kimoja kando kiasi cha milimita moja au mbili. Mapengo yakiacha kuelekeana, kisu kimoja hufuta mstari ulioachwa na mwenzake. Hiyo ni nafuu ya muda tu. Visu vinolewe au vibadilishwe.

Ukiona mawimbi yaliyolala mapana ya ubao, kisu kimoja kimesimama juu ya kingine. Hesabu yake ni rahisi. Kichwa chenye visu viwili kikizunguka mara 8,000 kwa dakika, na ubao ukienda meta 8 kwa dakika hiyo, kila kisu huacha alama ya nusu milimita, ambayo mkono hauitambui. Kisu kimoja kikifanya kazi peke yake alama huwa milimita nzima, nayo huonekana mara baada ya kupakwa vanishi.

La nne ndilo lililonifurahisha, kwa kuwa dawa yake imo jikoni. Mbao zilikuwa na vijishimo vya hapa na pale visivyofuata mstari wowote. Maranda yalikuwa yamejazana ndani ya mashine, rola ikayakanyagia juu ya mbao laini. Tulisafisha njia ya maranda, tukaifuta rola. Kisha nilimwomba mkewe fundi pasi. Tuliweka kitambaa chenye maji juu ya kijishimo, tukakikandamiza kwa pasi ya moto, na mvuke ukazivimbisha nyuzi zilizobonyea hata zikarudi mahali pake. Zikikatika haziponi kwa njia hii. Zikibonyea tu, hupona.

Kuhusu mbao zinazotoka na manyoya, sina mengi: ni mbichi, au visu ni butu. Zipangwe kwa vijiti kati yake, kivulini penye upepo, zingoje.

Madawati manane yaliokolewa, na kamati ikayapokea. Mbao za yale matatu zilikuwa zimekwisha kushuka chini ya milimita 25 zilizoandikwa katika mapatano, kwa ile mipito isiyo na hesabu. Fundi alizikata zikawa rafu za kabati la mwalimu mkuu, akanunua mvule mwingine kwa fedha yake mwenyewe. Safari hii aliupitishia sumaku kila ubao kabla ya kuulipia.