Goma–Kinshasa ni masaa mawili, siyo siku mbili

Wandugu, tuanze na hesabu, kwa sababu wakubwa wetu hawapendi hesabu.

Kutoka Goma mupaka Kinshasa, kwa mustari munyofu, ni karibu kilometa 1,570. Ndege ilikuwa inazimaliza kwa masaa mawili na kidogo. Tena saa ya Kinshasa iko nyuma ya yetu kwa saa moja: mutu aliyeruka saa ine ya asubuhi angeweza kushuka Ndjili saa tano na robo ya kule. Ukiangalia tike, unazani Kinshasa iko hapa nyuma ya Sake.

Ni kweli, hata wakati ule ndege haikuwa ya kila mutu. Mwenye kukosa feza alipaswa kutafuta njia mupaka Kisangani, kiisha apande boti: kilometa zaidi ya 1,700 juu ya muto, majuma na majuma.

Sasa tuangalie leo. M23 iliingia Goma mwisho wa mwezi wa kwanza 2025, na uwanja wa ndege ukafungwa kwa raia. Mwenye kwenda Kinshasa anavuka Grande Barrière, anapanda basi mupaka Kigali, karibu kilometa 160. Pale hakuna ndege ya moja kwa moja: RwandAir iliacha kuja kwetu tangu 2022, na mwezi wa pili 2025 serikali yetu ilifunga anga kwa ndege zilizoandikishwa Rwanda. Basi wengi wanapitia Addis Ababa. Chukua ramani uone: Kinshasa iko magharibi, wewe unaruka kaskazini-mashariki! Kigali–Addis karibu 1,550, Addis–Kinshasa karibu 3,000. Jumla, pamoja na basi, kilometa 4,700 hivi. Mara tatu. Na Mukongomani anaonyesha paspoti katika inchi mbili za wengine ili afike kwenye muji mukuu wa inchi yake.

Sisi vijana inatugusa wapi? Kwenye kazi. Niko na diplome, sina kazi. Ofisi moja ya Kinshasa ilitoa tangazo: lete dosie wewe mwenyewe, na diplome ya kweli mukononi, siku tano tu. Siku tano! Hakuna aliyejiuliza mutu wa Goma atatokea wapi. Tulishindwa mbele ya mutihani kuanza.

Kuna wenye kusema: Nairobi iko kilometa 850 tu, hata Dar es Salaam iko karibu kuliko Kinshasa, tugeukie mashariki. Kwa biashara, sawa, tuligeuka zamani. Lakini kazi ya leta haitoki Nairobi, na diplome yangu haisainiwi Dar.

Tunaomba mambo mawili. Uwanja wa Goma ufunguliwe kwa raia, na kila mwenye kushika ufunguo, upande huu na ule, ajisikie ameambiwa. La pili: dosie zipokelewe kwa imeili, na mitihani ifanyikie katika kila provinsi, ao kwa simu. Hilo halingojei Doha wala Washington.

Ukiona tangazo la kazi lenye kulazimisha mutu afike Kinshasa yeye mwenyewe, lipige picha, ututumie. Tutaiandikia ofisi iliyolitoa.