Kwa nini Bolivia ina jeshi la majini ilhali haina bahari

RODRIGO Paz alipoapishwa kuwa Rais wa Bolivia mnamo Novemba 8, 2025, sherehe hiyo ilifanyika jijini La Paz. Hata hivyo, kwa mujibu wa Katiba, mji mkuu wa taifa hilo si La Paz bali ni Sucre.

Hilo ni mojawapo ya mambo yanayowatatiza wengi kuhusu taifa hilo la Amerika Kusini. Mji wake mkuu ni upi hasa? Mbona lina jeshi la majini ilhali halina bahari? Na je, raia wake huzungumza lugha gani? Maswali hayo huchukuliwa kuwa chemshabongo za darasa la jiografia, lakini kwa Wabolivia kila mojawapo hutonesha kidonda cha zaidi ya karne moja.

Suala la mji mkuu lilizua vita vya wenyewe kwa wenyewe mnamo 1899. La Paz iliibuka mshindi na kutwaa makao ya Serikali na Bunge, huku Sucre ikiachiwa Mahakama ya Juu na hadhi ya mji mkuu. Mgogoro huo ulifufuka 2007, wakati wajumbe walipokuwa wakiandika Katiba mpya mjini Sucre. Wakazi walidai mji wao urejeshewe mamlaka yote, na watu watatu wakauawa katika ghasia za Novemba mwaka huo. Katiba iliyoidhinishwa 2009 iliacha mambo yalivyokuwa.

Kuhusu bahari, Bolivia ilikuwa nayo. Katika vita vilivyoanza 1879, Chile iliinyang'anya takriban kilomita 400 za pwani, pamoja na jangwa lenye utajiri wa madini. Kupitia mkataba wa 1904, Bolivia ilikubali kwamba eneo hilo ni la Chile, nayo ikapewa haki ya kupitishia bidhaa zake katika bandari za jirani huyo.

Licha ya hayo, Bolivia haikukata tamaa. Mnamo 2013 iliwasilisha kesi katika Mahakama ya Kimataifa ya Haki (ICJ) jijini The Hague. Oktoba 1, 2018, majaji 12 dhidi ya watatu waliamua kwamba sheria haiilazimishi Chile kufanya mazungumzo ya kuipa Bolivia njia ya kufikia bahari. Wanamaji wake wangali wanashika doria katika Ziwa Titicaca na mito ya bonde la Amazon, na kila Machi 23 taifa huadhimisha Siku ya Bahari.

Uchungu huo si wa kihistoria tu. Uganda, ambayo hutegemea bandari ya Mombasa, ilionja adha ya kukosa pwani pale ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007 nchini Kenya zilipokatiza usafirishaji wa mafuta. Tofauti ni kwamba Uganda haijawahi kupokonywa pwani.

Swali la lugha nalo lina uzito wake. Katiba inatambua lugha rasmi 37, yaani Kihispania na 36 za wenyeji asilia, zikiwemo Kiquechua, Kiaymara na Kiguarani. Kabla ya mapinduzi ya 1952, wasiojua kusoma na kuandika hawakuruhusiwa kupiga kura, hivyo idadi kubwa ya wenyeji asilia ilifungiwa nje ya siasa. Evo Morales, Muaymara, ndiye aliyekuwa wa kwanza miongoni mwao kuchaguliwa rais, na aliingia mamlakani 2006.

Aidha, wengi hudhani Bolivia yote ni milima ya Andes. La Paz kweli iko takriban mita 3,600 juu ya usawa wa bahari, lakini karibu thuluthi mbili za nchi ni nyanda za chini. Huko ndiko uliko Santa Cruz, mji mkubwa zaidi nchini na kitovu cha kilimo cha biashara, ambao viongozi wake wamekuwa waking'ang'ania kujitawala.

Ushindi wa Paz ulihitimisha takriban miaka 20 ya kutawala kwa chama cha MAS. Alirithi uhaba wa dola na mafuta, huku mapato ya gesi yakizidi kudidimia. Matumaini mengi yameelekezwa kwa madini ya lithiamu katika jangwa la chumvi la Uyuni, ambalo kwa sehemu kubwa liko katika jimbo la Potosí.

Ni Potosí iyo hiyo ambayo fedha yake iliitajirisha Uhispania kuanzia karne ya 16, huku wenyeji wakifia migodini. Mnamo 2019 wakazi wake waliandamana wakidai mgao mkubwa wa mapato ya lithiamu, na Serikali ikafuta mpango wake na kampuni ya Ujerumani. Rais yeyote atakayechimba madini hayo, sharti kwanza awaridhishe watu wa Potosí kwamba safari hii hawataachiwa mashimo matupu.