Kifaransa Kinachobaki Kooni

Walimu wa hapa Uvira hulalamika hivi: mwanafunzi wa mwaka wa mwisho aandika Kifaransa vema, sarufi aijua, lakini akiulizwa jambo asilolitayarisha, atazama meza tu. Wadhani ni uvivu, au uhaba wa maneno. Wala tusiwalaumu upesi: darasa limejaa, saa ya somo ni fupi, na wote wakiachwa waseme, kelele zavuka ukuta hadi darasa la jirani.

Wanafunzi nao wana neno lao. Mmoja aliniambia, “Maneno ninayo, mzee. Lakini nikikosea la kwanza, mwalimu anikatiza; la pili, wenzangu wacheka; la tatu silisemi.”

Katika shule nyingi za Afrika zilizofundisha kwa Kifaransa, mtoto aliyeponyokwa na lugha ya kwao alivishwa alama shingoni. Sheria ya elimu ya mwaka 2014 yakubali lugha zetu zitumike katika kufundisha. Lakini hofu haifutwi na sheria.

Na mtoto huyu si bubu. Nyumbani asema Kifuliiru, njiani Kiswahili, na huko Kavimvira, siku mpaka uwapo wazi, apatana bei na watu wa Gatumba kwa Kirundi. Kirundi hicho hakuna aliyemsahihishia katika daftari. Alikosea, akacheka pamoja na muuzaji, akaendelea.

Jambo hili si dogo. Mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari una sehemu ya Kifaransa cha mdomo, na hapo kimya hakina alama.

Mwalimu mmoja alijaribu njia nyingine. Kwanza aliwaacha wasemezane wawili wawili, dakika chache, juu ya ndagala. (Nani wa pwani hii asiye na la kusema juu ya ndagala?) Kisha kijana wa Kalundu akasimama kueleza kwa nini wavuvi wa taa hawatoki usiku wa mbalamwezi. Alikosea sana. Mwalimu hakumkatiza, aliandika makosa katika karatasi yake, ayasahihishe kesho yake bila kutaja jina la mtu. Kijana akatafuta neno la wavu, akalikosa, akalichora hewani kwa mikono. Kengele ikalia, wala hakuna aliyenyanyuka, maana habari ya mwezi ilikuwa haijaisha.