Ukague Ufa Kabla ya Mvua
Septemba ndiyo mwezi wa kukagua nyumba huku Simiyu: pesa ya pamba haijaisha yote, mvua bado. Anza na nyufa. Kuanzia Kimali hadi Bariadi, aliyejenga kwenye udongo mweusi wa mbuga anajua ardhi yake hupasuka kiangazi na kuvimba ikilowa, na ukuta hufuata. Weka alama ya penseli kwenye ncha ya ufa, andika na tarehe. Ukivuka alama, ita fundi, usiufiche kwa lipu. Panda ngazi ukaze misumari ya bati iliyolegea. Tafuta pia mchwa: huacha vijia vya udongo ukutani. Gonga kenchi, ikilia utupu imeshaliwa. Rangi, ambayo wengi wetu hukimbilia kwanza, isubiri hata mwakani.