Mwanga wa Mmoja Usiwe Giza la Mwingine

Madereva wengi siku hizi wanang'oa balbu za halojeni katika taa za mbele na kutia za LED zenye mwanga mkali. Nia yao ni njema, kwani barabara ya Chalinze hadi Segera haina mzaha usiku. Lakini yafaa ieleweke kwamba taa si balbu peke yake. Kikombe chake kimepimwa kufuatana na waya mdogo wa halojeni. Chanzo cha mwanga kikibadilika, miali hutawanyika na kumpofusha dereva anayekuja. Yeye akipofuka, nawe hu salama, na mwenda kwa miguu ukingoni ndiye anayelipa.

Hatuna budi kuchagua kwa busara. Kwanza tusafishe vioo vilivyofifia na kukagua nyaya. Anayetaka zaidi anunue taa kamili iliyoundwa kwa LED, ya nchi zinazoendesha kushoto kama yetu. Kisha gari liegeshwe tambarare mbele ya ukuta, fundi ahakikishe mwanga wa kupishana unainama chini.

Ndugu msomaji, barabara ni ya wote. Anayejimulikia mwenyewe tu hajaona mbali.